Kifaransa cha Egesangio

Mwalimu mkuu Mose alipotangaza kwenye mkutano wa wazazi kwamba Kifaransa kimekwisha pale shuleni, alisema kama mtu anayesema mvua imekatika. Mwalimu wa somo hilo amehamishwa, mwingine atatafutwa. Kwa sasa wale wasichana watano wa kidato cha tatu waingie kilimo. Tena, akaongeza huku akiwatazama wazazi viatu, mtoto wa majani chai na kilimo ni damu moja.

Wazazi wakapiga makofi, maana wamezoea. Onyiego hakupiga. Yeye shule ilimtema darasa la sita, lakini maneno ya wakubwa aliyajua kuliko wenye digrii. Mkewe Mokeira alipozidiwa, aliambiwa gari la zahanati liko njiani, mzee, linafika. Lilikuwa njiani mpaka mama wa watu akapoa mkononi mwake. Tangu siku hiyo, ukimwambia Onyiego "itafanywa", ni kama umemtukana kaburi la mke.

Bintiye Nyanchoka alitaka kuwa mkalimani, na bila Kifaransa kwenye mtihani wa kidato cha nne mlango huo unafungwa. Kesho yake wakiwa shambani huko Ikonge, kila mtu na kikapu chake mgongoni, alimsikia mtoto akikariri somo la mwisho alilofundishwa: je vais partir, tu vas partir, elle va partir. Akauliza ni wimbo gani huo.

"Si wimbo, Tata. Ni kusema jambo ambalo mtu yuko karibu kulifanya. Si la mwakani. Ni hili ambalo ameshalishikia njia."

Onyiego akachuma mara mbili tatu, akacheka peke yake.

"Hao Wafaransa wana akili. Hilo somo lingeanza kufundishwa huko juu serikalini."

Jumapili iliyofuata akashuka Keroka. Alikuwa amesikia kwamba Ruqiya, yule mama wa vitenge karibu na msikiti, alikulia Bujumbura, na Kifaransa kwake ni kama maji. Ruqiya alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakataa kwa upole. Hakuwahi kuwa mwalimu. Na Jumapili ndiyo siku ya wateja. Akikaa na wasichana kule nyuma ya duka, nani atauza?

Hapo Onyiego akamweleza habari za egesangio. Kwetu, leo majirani wanalima kwangu, kesho tunalima kwako, na hakuna anayeondoka kabla kipande hakijaisha. Shamba lake Ruqiya ni hilo duka. Wazazi wa wale wasichana watalilima kwa zamu.

"Na zamu ya kwanza ni ya nani?" Ruqiya akauliza.

"Yangu, mama Jibril. Nionyeshe tu bei."

Ndivyo mjane wa Ikonge, ambaye hata leso ya mkewe hakuwahi kujua ilinunuliwa wapi, alivyosimama nyuma ya meza akikunjua vitenge vya maua. Habari ikapanda mlima kabla yake. Machogu, jirani yake, akaja makusudi kumtazama, akamuuliza mbele ya watu anaolewa lini.

"Nunua kwanza," Onyiego akamjibu. "Mkeo amevaa gunia tangu Krismasi."

Machogu akanunua, kwa aibu. Kule nyuma sauti za wasichana zilipanda na kushuka: nous allons partir, vous allez partir. Ruqiya hakujua majina ya nyakati zilizo kwenye kitabu chao, wala hakujali. Aliwalazimisha waseme wanachoenda kufanya sasa hivi: kukunja kitambaa, kuchemsha chai, kumcheka mzee aliyepima kitenge kwa shubiri. Jumapili baada ya Jumapili, wazazi wakapokezana.

Mwaka ulipogeuka na wasichana wakaingia kidato cha nne, Mose akapata habari. Wakati wa kusajili watahiniwa ulikuwa umefika, naye akamtuma Nyanchoka nyumbani na ujumbe: shule haifunzi dukani. Wote watano wataandikwa kilimo, na asiyetaka asirudi Jumatatu.

Jumatatu walirudi, na wazazi wao nyuma, majembe begani. Wakaketi mbele ya ofisi. Mose akatoka akauliza wamekuja kulima wapi.

"Kwako," Onyiego akasema. "Kwa mama Jibril tumemaliza. Leo zamu ni yako, mwalimu. Kipande chetu ni majina matano."

Mose akasema wazee wasiwe na haraka, ataliwasilisha kwa bodi, bodi itakaa, watapata jibu.

"Hapana. Mke wangu alikufa na jibu la namna hiyo. Nyanchoka, mwambie mwalimu unaenda kufanya nini."

Msichana akamtazama mwalimu usoni, akasema. "Je vais passer l'examen. Naenda kufanya mtihani."

Wenzake wakasogea wakasimama naye. "Nous allons passer l'examen."

Mose akauliza wakianguka lawama itakuwa ya nani.

"Yetu. Sisi tumezoea kulaumiwa. Wewe andika."

Akatishia kumwita chifu. Aje, Onyiego akasema, naye ana zamu. Bonareri, mama wa mmoja wa wasichana, hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliinuka, akavuka kamba ya zile nyasi za mbele ya ofisi zinazokatwa kwa mkasi, zisizokanyagwa hata na walimu, akainua jembe na kuanza kulima. Udongo mwekundu ukageuka. Mose akamwomba aache. Bonareri akapangusa uso na kuendelea na mstari wake, umenyooka kama wa mahindi.

Mwalimu mkuu akaingia ofisini akafungua kompyuta. Onyiego akaingia naye bila kukaribishwa, akamsimamisha binti yake mbele ya kioo na kumwambia asome kwa sauti kila kinachoandikwa. Nyanchoka akasoma jina lake, kisha Kifaransa. Jina la pili, Kifaransa. Mpaka la tano.

"Yote yamo?"

"Yote, Tata."

"Basi kamwambie Bonareri apumzike."

Bonareri alikuwa ameshafika kwenye mlingoti wa bendera.