Salamu za Askari wa Malaya

Jumapili hiyo Chepchirchir aliamka mapema, akakamua ng'ombe wa Mzungu mwenye shamba mbio mbio, kisha akateremka kwenye kantini ya shamba na kuketi nje, chini ya dirisha, juu ya debe lililopinduliwa. Ndani hangeingia. Ndani alikuwa mzee Kemboi, baba mkwe wake, na mke mwenye adabu haketi chumba kimoja na baba mkwe, hata kama chumba chenyewe ni duka la chumvi na mafuta ya taa.

Juu ya kaunta palikuwa na redio, ile ya duara iliyoitwa sufuria. Jana yake ilikuwa imetangaza kwamba Jumapili askari wa Keya, jeshi la Waingereza, walioko vitani Malaya ng'ambo ya bahari watawasalimu watu wao kwa sauti zao wenyewe. Saa ngapi? Haikusema. Redio nayo ina maringo yake.

Kosgei, mume wake, alipelekwa Malaya miezi michache baada ya kumwoa. Mtoto hajapatikana, basi midomo ya watu wa Subukia ikapata kazi. Mara ameoa huko huko, mara amesahau kwao. Chepngeno, dada ya Kosgei, alimwambia mtoni bila haya, "Wewe unangoja nini hapa? Si urudi kwenu." Chepchirchir akajitwika mtungi wake, akaenda nalo neno hilo hadi nyumbani. Leo alitaka kitu kimoja tu: Kosgei amtaje, na watu wote wasikie.

Redio ikaanza na nyimbo za kanisa, kisha mahubiri marefu. Masinde mwenye kantini, ambaye hajui mlango wa kanisa, akaitikia amina kwa sauti kuliko wote. Ikaja habari. Akaja bwana wa kilimo kueleza namna ya kuwaosha ng'ombe dawa ya kupe, na wazee waliolelewa kati ya ng'ombe wakamcheka hadi wakakohoa. Adhuhuri mama mmoja akafundisha kuoka keki ya mayai sita.

"Mayai sita kwa mkate mmoja?" wanawake wa nje wakapiga kelele. "Huyo ana wazimu!"

Likaja gita, vijana wakatimua vumbi. Ikaja hadithi ya sungura. Chepchirchir hakutaka sungura wala keki. Alimwombea kila msemaji amalize haraka aende zake.

Kipindi kilipoisha, Masinde alitaka kuizima redio ili kuhifadhi betri, naye Chepchirchir akagonga dirisha. "Tafadhali, Masinde. Usizime."

"Mama, betri si ng'ombe. Ikikamuliwa haijai tena." Lakini hakuizima.

Jua lilikuwa limeshaegemea upande wa kukamua jioni ndipo mtangazaji aliposema, "Na sasa, askari wetu walioko Malaya." Watu wakasogea karibu na kaunta. Akasema mmoja wa Machakos, akasema mmoja wa Kakamega. Kisha kikohozi kidogo, na Chepchirchir akashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, maana kikohozi kile alikijua.

"Mimi Kosgei wa Kemboi, wa Subukia. Namsalimu baba yangu. Hujambo, baba?"

"Sijambo!" Mzee Kemboi alisimama, akavua kofia. Hakuna aliyemcheka. Kwao salamu hujibiwa. Kuinyamazia ni kumtukana aliyeitoa.

"Namsalimu dada yangu Chepngeno."

"Salama, ndugu yangu! Umekonda?"

"Nawasalimu wazee wote, na majirani wote wa shambani."

Lo! Hapo kantini nzima ikajibu. Kila mzee alijibu kwa zamu yake na kwa sauti yake, huyu akiuliza kama huko mvua imenyesha, yule akitaka kujua wanakula nini. Katikati ya makelele hayo Chepchirchir akasikia, "Na pia namsalimu..."

"Nyamazeni!" alipiga ukelele. "Jamani, nyamazeni!"

Waliponyamaza, redio ilikuwa inapiga kodiani.

"Masinde, mwambie arudie," alisema mzee Kemboi.

"Mzee, hii ina mdomo tu. Haina masikio."

Mzee akaitazama redio, akalitazama dirisha. "Alisema, 'Na pia namsalimu.' Nani alisikia jina?" Hakuna aliyesikia. Chepngeno, mwenye ulimi wote ule, aliangalia miguu yake.

Kengele ya kukamua ikalia. Chepchirchir akainuka. Alimtamani mume wake hadi mbavu zikamuuma. Angeweza kulipasua sufuria lile amtoe humo. Siku nzima ameketi juu ya debe, na jina lake, kama lilitajwa, limezamishwa na watu wa nyumbani kwake. Lakini salamu ni salamu. Akazunguka ukuta, akaingia mlangoni, akapita mbele ya baba mkwe na kusimama mbele ya redio.

"Salama, Kosgei," alisema. Wanawake wakashika midomo, kwa kuwa mke hamtaji mumewe kwa jina mbele ya baba mkwe. "Mimi nipo. Nakungoja. Rudi nyumbani."

Mzee Kemboi akamwashiria Masinde apunguze ile kodiani. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akamsemesha mkwe wake uso kwa uso.

"Sema tena, binti yangu," alisema. "Sema kwa nguvu. Malaya ni mbali."