Kijiko Kilichotaka Kupimwa

Usiku wa jana, usingizi ulipoanza tu kunichukua, niliota kijiko kimekuja kwenye banda langu la ushonaji kupimwa suti.

Mimi ni fundi cherehani, au nilikuwa, kabla mikono haijaanza kutetemeka. Leo wanakuja watu wa posa ya binti yetu, Nuriati, na mke wangu alishapanga: mdogo wangu Hemedi atawapokea, mimi nitakuwa chumbani, "hajisikii vizuri". Sababu ni pilau. Kwenye hitima ya juzi kijiko kilinifika mdomoni kitupu, punje zote zikawa kwenye kanzu ya jirani. Nililala nimevimba kwa hasira.

Basi nakiambia kijiko kwamba nimefunga kazi.

"Kwa nini?"

"Mikono."

Kinaitazama inavyocheza juu ya meza. Hakishtuki hata kidogo.

"Kwani nimekuja kupima mikono? Mimi ndiye niliyekonda. Shika mpini wangu uone, mwembamba mno, mwepesi mno. Fundi, ninenepeshe."

Ghafla tuko zahanati, na vyombo vyote vya nyumbani kwangu vimepanga foleni. Sahani imefungwa kamba kama mbuzi, kwa sababu hutoroka ukila kwa mkono mmoja. Kitasa cha duara cha mlango wa chumbani kinalia kwa kwikwi.

"Nimechoka kukatalia watu," kinasema. "Nipeni mpini mrefu, nifunguliwe hata kwa kiwiko."

Muuguzi ni birika. Linaandika bila kuinua kichwa.

"Sahani itandikiwe kitambaa kibichi, isiteleze. Anayefuata!"

Mbele yangu kimesimama kikombe chetu cha maua. Kinanigeukia.

"Mimi nina ufa tangu mwaka wa harusi yenu," kinasema, "na bado natolewa mbele ya wageni. Mama Nuriati hunigeuza tu, ufa ukatazama ukuta. Wewe unafungiwa chumbani mzima mzima?"

Inaniuma, hata ndotoni inaniuma.

"Mikono ikitulia nitakaa na wageni," nasema.

Kijiko kinakohoa. "Fundi, mteja akirudi amenenepa, ulimwambia akapungue kwanza ndipo avae koti?"

"Hapana. Nilifumua mshono, nikaongeza kitambaa."

"Haya."

Tunarudi bandani bila kutembea. Nakata ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, nauzungushia mpini, na katikati nafichia nati nzito ya cherehani ili kijiko kisiwe kinapeperuka mkononi. Mikono inatetemeka vilevile. Mkasi unakwenda upogo, nakata upya. Kijiko kimesimama wima kama bwana harusi. Mwisho kinadai tai, nami nakifungia uzi mwekundu kwa fundo langu la kushonea vifungo, ambalo vidole vyangu havijaweza kulifunga kwa muda mrefu.

Niliamka kwa sauti ya mke wangu jikoni.

"Baba Nuriati! Hebu njoo."

Alikuwa anapanga vijiko kwenye sinia la wageni. Mkononi ameshika kimoja kinene, cheusi, na shingoni mwa kijiko kuna fundo jekundu.

"Umekifanya nini kijiko cha watu?"

"Sijui, Mama Nuriati," nilisema, na ilikuwa kweli.

Alikigeuza, akakipima uzito kwenye kiganja. Kisha akanisogezea kiporo cha wali, akaketi mbele yangu. Nikachota. Mkono ulitetemeka njia nzima, lakini wali ukafika. Punje chache zilianguka mezani. Alizitazama, akazifagia kwa kiganja.

Nikachota tena. Safari hii hata hakuangalia kijiko, aliniangalia mimi, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Akainuka, akakiweka kile kijiko kwenye sinia pamoja na vingine.

"Nenda kaoge," alisema. "Mwenye nyumba hapokei wageni akiwa amevaa msuli wa kulalia."