Ruhusa ya Daktari wa Kwanza

Kijiweni pale kijijini kwetu Ziwani wanasema Ivo alilogwa goti. Mimi Sebastiao nina hasira za karibu, watu wote wanajua, na uongo wa namna hiyo unanikera mpaka chai inanipalia. Hakuna aliyemloga. Goti la mpwa wangu nililiua mimi, kwa mdomo huu huu, tena kwa adabu zangu zote.

Ivo ni mtoto wa dada yangu Laurinda. Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Siku hizi vijana wengi mila hiyo wameitupa, lakini Ivo hakuitupa. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, winga wa kushoto kwenye timu ya daraja la kwanza mjini Mtwara, anahojiwa redioni, na bado akitaka kuhama chumba alichopanga anapanda bodaboda kuja kuniuliza. Nilijivunia jambo hilo kupita kiasi. Nililitaja kwenye vilabu, nililitaja mpaka misibani.

Mwezi wa pili aliumia mazoezini. Aligeuka na mpira, goti likalia, akaanguka bila kuguswa na mtu. Daktari wa timu, Amiri, akalibonyezabonyeza, akasema ni maji yamejaa, aweke barafu na apumzike wiki tatu. Amiri tulikuwa tunamfahamu. Alishamtibu Ivo enka ya mguu mara mbili, na baba yake Ivo alipofariki alikuja akalala matanga siku tatu pamoja nasi.

Wiki tatu zikapita, goti likawa bado linachezacheza. Siku moja nikiwa palizini kwenye mikorosho nikamwona Ivo anakuja, bahasha kubwa kwapani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona unatembea kama bata?"

Hakucheka. Alikaa kwenye gogo, mguu kaunyoosha.

"Nimekwenda hospitali kubwa, kwa daktari mwingine. Anaitwa Felista, ni bingwa wa mifupa. Amenipiga picha. Anasema kano ya ndani ya goti imekatika. Nifanyiwe upasuaji, halafu nikae miezi tisa bila kucheza. Nikicheza hivi hivi, vilivyobaki mle ndani vitasagika, na hapo mpira basi."

"Amiri anajua?"

"Hajui. Daktari Felista amesema ni haki yangu kusikia daktari wa pili. Na bahasha amesema nikae nayo mwenyewe."

"Wewe unamwamini nani?"

"Namwamini huyu mama. Goti ni langu, mjomba, nalisikia lenyewe."

Palitosha hapo. Mtu mwenye akili angemwambia, mwanangu, nenda ukapasuliwe, Mungu akutangulie. Lakini mimi nimelelewa hivi: mgonjwa akiwa mikononi mwa mganga mmoja, hagusi dawa ya mwingine mpaka aagane na yule wa kwanza. Unakwenda na mkubwa wako, unashukuru, unasema umejitahidi baba, tunaomba ruhusa tujaribu na kwingine. Ukiondoka kimya kimya, dawa zote mbili hazishiki. Mama yangu aliugua mwaka mzima, na kila alipohama mganga tulikwenda kwanza kuaga.

"Hatuwezi kumruka Amiri," nikamwambia.

"Mjomba, Amiri si mganga wa kienyeji. Ni mwajiriwa wa timu."

"Alilala matanga ya baba yako. Heshima si utumwa, Ivo."

Akatazama chini, akachora mchanga kwa kijiti. "Sawa, mjomba," akasema. Nikamwambia tusimsumbue mama yake kwanza, tukishamaliza ndiyo tumwambie. Na hilo nalo akasema sawa.

Basi nikavaa shati langu la kwendea kanisani, nikafunga korosho za kubangua kwenye mfuko, tukaenda. Ofisini kwa Amiri nilizungumza vizuri mno, natamani ningekuwa bubu siku hiyo. Nikamshukuru, nikamweleza yote aliyoyasema Felista, neno kwa neno, na bahasha nikampa kwa mikono miwili.

Amiri aliitazama picha kwenye mwanga wa dirisha kwa muda mrefu. Halafu akatoka. Aliporudi alikuwa na katibu wa timu, bwana mmoja mchangamfu, akatuagizia soda. Katibu akasema Jumamosi watu wa timu moja ya Dar wanakuja kumwangalia Ivo, na nafasi kama ile haiji mara mbili.

"Mzee Sebastiao, hawa wa hospitali mpira hawaujui," akasema. "Kwao kila goti ni kisu. Daktari, mwambie mzee."

Amiri akasema, "Nitamchoma sindano, goti litatulia. Acheze kipindi kimoja tu, halafu hayo mengine tutayaangalia."

Alikuwa anaitazama sakafu. Nililiona hilo, msidhani sikuliona. Mimi ambaye mnunuzi wa korosho akikohoa tu najua anataka kunidanganya mzani, nilimwona mtu mzima anaongea na sakafu na nikanyamaza. Kwa sababu nilikwenda kuomba ruhusa, nikanyimwa. Utaombaje ruhusa kwa mtu halafu jibu lake ulikatae? Ndivyo nilivyofikiri, na mpaka leo nikikumbuka natamani kujipiga makofi.

Ivo alinigeukia mimi. Hakuwatazama wao, alinitazama mimi, soda yake hajaigusa.

"Daktari wako amesema," nikamwambia.

Bahasha ikabaki mezani kwa Amiri.

Jumamosi nilikaa jukwaani uwanja wa Nangwanda na Laurinda, yeye kavaa jezi ya mwanawe. Ivo aliwapita mabeki wawili dakika za mwanzo na uwanja ukasimama, nami nikajiona nina hekima. Dakika ya arobaini na moja akaukata mpira kuingia ndani. Mwili ulikwenda, goti halikwenda nao. Hakulia. Alikuwa anapigapiga nyasi kwa kiganja, taratibu, mpaka machela ikafika. Wale wa Dar waliondoka kabla ya mapumziko.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ivo alisikia.

Wiki iliyofuata tulikwenda kwa Felista sote watatu. Mwanamke mdogo tu, sauti yake ya upole. Aliweka picha mpya pembeni ya ile ya zamani iliyokuwa kwenye kompyuta yake, akatuonyesha kwa kalamu. Kano ndiyo ile iliyokuwa imekwishakatika, na sasa gegedu zinazozuia mifupa isisuguane zimesagika pande zote mbili.

"Tutampasua ili atembee bila magongo," akasema. "Mpira hapana."

"Hata wa ndondo?" Laurinda akauliza. "Hizi mechi za mtaani tu?"

"Hata wa ndondo, mama."

Laurinda akajifunika uso kwa khanga. Felista akamgeukia Ivo, na upole ukamwishia.

"Nilikukataza kucheza. Nilikuandikia. Mwezi uliopita goti hili lilikuwa la kutengenezeka. Nani alikuruhusu?"

Laurinda akafunua uso. Hakuwa amesikia habari hizo hata kidogo. "Ulikatazwa? Ivo, ulikatazwa?"

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, kofia mkononi.

"Hakuna aliyeniruhusu," Ivo akasema. "Nilitamani kwenda Dar, daktari. Niliamua mwenyewe."

Felista akaandika. Laurinda akampiga mwanawe begani, akampiga tena, analia. "Tamaa. Mwanangu, tamaa imekuponza." Ivo akainamisha kichwa, akapokea, akasema, "Ndiyo, mama. Nisamehe." Na mimi, mwenye neno kwa kila mtu, mimi ninayewakemea wenyeviti wa vijiji, sikusema kitu. Ulimi ulikuwepo. Nilimpenda yule kijana kuliko nafsi yangu, na nikamwacha aubebe mzigo wangu mbele ya mama yake. Mpaka leo Laurinda hajui.

Tulipomaliza nikasimama ili tutoke. Ivo alikuwa mbele yangu na magongo yake, anahangaika na mlango. Aliponiona nyuma yake akasimama, akajibana ukutani, akavuta mguu ule pembeni ili mimi mkubwa nitangulie.

"Pita, mjomba," akasema.

Nikapita.