Siku Zahanati ya Lumbwike Ilipofungwa

Martina alipofika Lumbwike, zahanati ilikuwa na watu watatu: yeye muuguzi, tabibu mmoja, na mhudumu mzee aliyefagia na kuchemsha vifaa. Tabibu akahamishiwa mjini. Mhudumu akastaafu. Nafasi zao hazikujazwa, na kila Martina alipouliza aliambiwa kibali cha ajira bado kinasubiriwa. Akabaki peke yake katika jengo jipya la bati la bluu, lenye vigae sakafuni na kitanda cha kujifungulia ambacho hata nailoni yake ilikuwa haijabanduliwa yote. Siku ya uzinduzi wakubwa walipanda mlimani, wakakata utepe, wakasifu, kisha wakashuka mapema kabla ukungu haujafunika njia.

Hakulalamika sana. Alikuwa mtu wa Songea, amezoea milima na baridi, na watu wa Lumbwike walimpenda. Walimletea ndizi na magimbi bila kuombwa, na watoto walimwamkia kwa mbali, wakikimbia.

Kilichomtesa ni akina mama kujifungulia nyumbani. Karibu kila mtu aliyezaliwa pale alipokelewa na Bi Mwaisha, mwanamke mrefu, mkimya, aliyerithi kazi hiyo kwa mama yake. Watu walimheshimu kuliko mwenyekiti wa kijiji. Lakini katika masika ya kwanza ya Martina, binti mmoja alikaa na uchungu nyumbani kwa Bi Mwaisha hadi nguvu zikamwishia. Martina aliitwa mwishoni kabisa. Alikuta mtoto amekingama tumboni na mama hana sauti hata ya kulia. Binti huyo alizikwa na mwanawe ndani yake.

Baada ya msiba huo Martina alikwenda kwa Hafidhi, mtendaji wa kijiji, akamwambia hawezi kuvumilia tena. Wakaitisha mkutano. Wakapitisha sheria ndogo: hakuna kuzalia nyumbani, na atakayezalia nyumbani, pamoja na mkunga wa jadi au yeyote atakayempokea, watapelekwa mbele ya baraza la kata. Martina alisimama mbele ya watu wote, akamgeukia Bi Mwaisha aliyekuwa ameketi na wanawake wenzake.

"Bibi, shikamoo. Mikono yako imewapokea wengi hapa, na tunakushukuru," alisema. "Lakini sasa hivi mikono hiyo inaua. Naomba uipumzishe."

Bi Mwaisha aliinuka, akajifunga kanga yake vizuri, akasema amesikia. Tangu siku ile hakumgusa mjamzito yeyote, hata wa ukoo wake.

Na kwa kweli mambo yalibadilika. Wanawake walianza kushuka zahanati, wengine wakija mapema na kulala kwa ndugu wa karibu wakisubiri siku zao. Martina alizalisha usiku na mchana. Hakufa mama. Kwenye vikao vya wilaya Lumbwike ilitajwa kama kijiji cha mfano, na madiwani wa kata nyingine wakaanza kuuliza hiyo sheria ndogo imeandikwaje.

Mwezi wa nne, katikati ya mvua, Martina akiwa amepanda mgongo wa mlima penye mtandao, alipigiwa simu na Jonathan, mratibu wa afya ya mama na mtoto wilayani. Kulikuwa na mafunzo ya mfumo mpya wa kompyuta wa kuandikisha wagonjwa, yatafanyika katika ukumbi mmoja huko Mzumbe, na kila kituo lazima kitoe mtu. Martina akauliza nani atabaki zahanati. Jonathan akamwambia hana wa kumpa. Abandike tangazo mlangoni, afunge, na arudi mara mafunzo yatakapoisha.

Kabla ya kuondoka aliwapima wajawazito wote waliokaribia. Miongoni mwao alikuwamo Asia, msichana mcheshi aliyeolewa na Kibwana, kijana anayelima karoti na kabichi juu ya kijiji. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Kwa hesabu za Martina, Asia alikuwa bado na muda. Alimwambia hata hivyo kwamba akisikia lolote asingoje, ashuke moja kwa moja hadi kituo cha afya kilichoko barabarani. Asia akacheka, akasema mtoto wake ana adabu, atamsubiri nesi.

Uchungu ulimshika Asia asubuhi, shambani. Mvua ilikuwa imenyesha kwa siku kadhaa na njia ya kwenda barabarani ilikuwa utelezi mtupu. Mama yake, Shadya, alimwita Bi Mwaisha kwanza, akiwa amesimama na Asia nje ya mlango wake. Bi Mwaisha alijibu kutoka ndani kwamba yeye alishaambiwa aache, wampeleke zahanati. Wakampeleka zahanati. Walikuta kufuli na tangazo.

Asia alijifungulia pale pale barazani, juu ya kanga za mama yake na za shangazi yake, mgongo ukiegemea mlango uliofungwa. Mtoto alitoka salama, wa kiume, akalia vizuri, na kwa muda mfupi watu wote walifurahi. Kisha wakaona damu haikatiki.

Lumbwike haina mtandao isipokuwa kwenye mgongo wa mlima, ng'ambo ya kijito. Kibwana alikimbia mpaka huko, akampigia Martina simu, naye akaipokea katikati ya mafunzo, akatoka ukumbini bila kuaga.

"Nesi, uko wapi?" Kibwana aliuliza. "Mke wangu kajifungulia barazani kwako. Mtoto mzima. Lakini damu haikati."

"Kondo la nyuma limetoka?"

"Sijui. Wanaojua ni kina mama walioko naye. Mimi niko huku juu."

"Vunjeni mlango, Kibwana."

"Mtendaji kakataza. Anasema mali ya serikali haivunjwi mpaka ipatikane ruhusa."

"Mwambie ruhusa nimetoa mimi. Kwenye friji, chini kabisa, kuna boksi jeupe lenye vichupa vidogo vya kioo. Vuteni kwa sindano dawa ya kichupa kimoja, mumchome pajani. Na mwiteni Bi Mwaisha amkande tumbo, chini ya kitovu, kwa nguvu, asiache hata kidogo."

"Nani amchome?"

Nyuma ya Martina walisikika watu wakicheka ndani ya ukumbi, mwezeshaji alikuwa amefanya mzaha.

"Yeyote," alisema. "Yeyote asiyetetemeka."

Kibwana alishuka mbio, akirudia maneno hayo ili yasimpotee. Wakamsogeza Asia, wakavunja mlango kwa shoka. Hafidhi, ambaye mpaka wakati huo alikuwa akiulinda mlango, ndiye aliyeingia kwanza, na kwa kuwa alizoea kuwachoma mbuzi wake dawa, ndiye aliyemchoma Asia. Bi Mwaisha alikuja safari hii. Alipiga magoti kwenye saruji iliyolowa, akakanda tumbo kama alivyoagizwa, na jasho likamtiririka usoni ingawa kulikuwa na baridi. Damu ilipungua. Haikukoma.

Martina alipiga simu kila mahali. Gari la wagonjwa lilipatikana, likapanda mpaka barabara ilipoishia, likazama kwenye tope. Kwa hiyo wanaume walifunga blanketi kwenye miti miwili, wakamlaza Asia, wakaanza kushuka naye kulifuata gari. Shadya alitembea ubavuni, ameushika mkono wa binti yake. Walipofika penye migomba, kabla ya kijito cha pili, Shadya aliwaambia wamshushe. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba mkono umekuwa wa baridi.

Martina alikodi bodaboda, akabebwa na kijana mmoja, na pikipiki iliposhindwa na tope alipanda kwa miguu. Alikutana nao njiani. Walikuwa wamegeuka, wanarudi juu na machela, na Asia amefunikwa uso. Njia ilikuwa nyembamba. Martina akajibanza kwenye majani ya ukingoni kuwapisha. Alimwona Hafidhi, alimwona Bi Mwaisha, alimwona Kibwana aliyeshika mti wa mbele. Hakuna aliyemsalimu, wala hakuna aliyemlaumu. Walipita tu, kisha yeye akafuata nyuma yao mpaka kijijini.

Kikao cha kujadili kifo hicho kilifanyika wilayani wiki chache baadaye. Kulikuwa na madaktari, wauguzi wakuu, watu wa takwimu, na chai na vitafunio mezani. Walizungumza juu ya kuchelewa. Kuna kuchelewa kuamua, walisema, na kuchelewa kufika, na kuchelewa kupata huduma. Mmoja alieleza vizuri kabisa jinsi jamii za milimani zinavyohitaji elimu zaidi. Mwishoni Jonathan alisoma walichokubaliana: mama alichelewa kufika kituoni.

"Hakuchelewa," Martina alisema. "Alifika. Mtoto alizaliwa mlangoni kwangu."

Watu waliangalia vikombe vyao. Mwenyekiti akasema hoja ya muuguzi imesikika, wakaendelea na kifo kinachofuata.

Jonathan alimfuata nje ya ukumbi. Hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu, kama ya mtu asiyelala.

"Nikiandika kwamba kituo kilifungwa, wataniuliza nani alimwita muuguzi pekee aliyekuwepo," alimwambia. "Ni mimi. Na mimi niliagizwa. Nitaondolewa, ataletwa mwingine, naye ataagizwa vilevile. Nesi wa pili hutampata kwa sababu hiyo."

"Kwa hiyo tunamwandika Asia."

"Tunamwandika Asia," Jonathan alisema.

Martina alirudi Lumbwike na wazo moja. Alikwenda kwa Bi Mwaisha mchana, akamkuta anachambua maharage uani. Alimwamkia, akaitikiwa, akapewa kigoda. Akamweleza kwamba anataka waendeshe zahanati wote wawili. Bi Mwaisha angekaa na wazazi, angewashika mikono, angejifunza kuchoma ile sindano, ili siku nyingine Martina akiitwa pasiwe patupu. Alisema angemwomba mtendaji abadilishe sheria ndogo. Alisema mengi, na aliyasema haraka.

Bi Mwaisha alimsikiliza mpaka mwisho huku vidole vikiendelea kutenga mbovu na nzima.

"Mwanangu, uliniambia mbele ya watu kwamba mikono yangu inaua," alisema. "Sikukasirika. Nilikwenda nyumbani nikaifikiria ile kauli, nikaona labda ni kweli, maana yule binti alifia kwangu. Nikakuamini. Mama yake Asia aliponiita mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nilimsikia binti anavyougua. Nikajiambia, nikitoka nitamuua. Sasa unataka niache kukuamini. Siwezi kubadilika tena. Nimezeeka."

Martina alianza kulia. Bi Mwaisha alimwacha alie, akaendelea na maharage yake.

Akina mama walianza kupotea zahanati kidogo kidogo. Hawakugombana naye. Walikuja kupima mimba, wakajibu maswali yake kwa upole, na siku zilipowadia hawakuonekana. Waliogopa kukuta mlango umefungwa, na kwa Bi Mwaisha hawakuweza kwenda. Walijifungua na mama zao au wakwe zao, watu wasiojua kazi hiyo, milango imefungwa, kimya, kwa sababu sheria ndogo ilikuwa bado inafanya kazi.

Kisha Martina aliitwa tena kwenye mafunzo, awamu nyingine ya mfumo uleule. Akakataa. Aliandika kwamba hataondoka Lumbwike mpaka aletwe wa kumshikia nafasi. Jibu lilikuja upesi kuliko majibu yote aliyowahi kupata: amekiuka maagizo ya mwajiri, na kwa ajili ya kuboresha utendaji wake anahamishiwa kituo kingine, upande wa Dakawa, kwenye mashamba ya mpunga. Wa kuchukua nafasi yake angepangwa kibali kitakapotoka.

Hafidhi alijaribu kumtetea. Alikwenda wilayani akasubiri siku nzima, akaambiwa uhamisho ni jambo la kawaida kwa mtumishi wa umma. Alirudi akamsaidia Martina kufunga virago. Shadya alikuja kumuaga, amembeba mjukuu mgongoni. Mtoto alikuwa amenenepa, wakampa jina la mjomba wake Asia, Luqmani. Martina alitaka kumshika lakini alikuwa amelala, na Shadya hakusema amchukue.

Huko Dakawa Martina alikuta wauguzi kadhaa, tanki la maji na gari linalowaka. Alifanya kazi vizuri. Wenzake walimwona mtu mkimya, asiyependa kukaa nao wakati wa chai.

Ilikuwa Septemba Hafidhi alipompigia simu. Alimpa habari za kijiji: mvua, bei ya kabichi, Kibwana amehama, yuko Turiani anakata miwa. Zahanati bado haijapata mtu. Halafu, kama vile ndiyo kwanza anakumbuka, akamwambia kwamba Nasra, jirani yake Asia, alijifungua nyumbani juma lililopita. Walikwenda kumwita Bi Mwaisha, akajifungia ndani. Mtoto alikwama. Alitoka akiwa ameshakufa, wakamzika nyuma ya nyumba kabla hata majirani hawajaamka.

"Nasra mwenyewe?" Martina aliuliza.

"Yuko hai. Hasemi na mtu."

"Umetoa taarifa wilayani?"

Hafidhi alisema akitoa taarifa itabidi awapeleke mbele ya baraza la kata kwa kuzalia nyumbani, Nasra na mama mkwe wake, ndivyo sheria inavyosema, na yeye mwenyewe ndiye aliyeitia sahihi.

"Basi usitoe," Martina alisema.

Kisha muuguzi mwenzake alimwita kutoka chumba cha wazazi, na Martina akamwambia Hafidhi ampe pole Nasra, akaenda kunawa mikono.