Mistari Saba Chini ya Daraja

Siku ya pili ya matembezi yao, saa saba mchana, jua la kiangazi likiwa limekaza kwelikweli, fundi rangi mstaafu alisimama katikati ya daraja akahesabu nguzo za taa kwa mara ya tatu. Hesabu ikagoma tena.

"Baba, unatafuta nini?" binti yake akauliza. "Mashua ya watalii inaondoka saa saba na nusu, na tiketi ninazo tayari."

"Nakuja, mama. Nipe dakika mbili."

Dakika mbili! Tangu asubuhi alikuwa ameshaziomba mara sita. Safari yenyewe ilikuwa zawadi ya binti: siku mbili tu katika mji wa mto, maana yeye ni muuguzi wa wodi ya wazazi, na kule likizo hutolewa kwa kijiko. Orodha yake ilikuwa kwenye simu: makumbusho, mnara wa saa, bustani, mashua. Mzee alivitazama vyote, akasema vizuri, vizuri sana, lakini roho yake haikuwapo.

Tusidanganyane, mzee huyu hakuja kutalii. Miaka saba mfululizo, kila kiangazi, aliacha mke na mtoto nyumbani akaja kulipaka rangi daraja hili, miezi minne minne. Mtoto alikuwa mmoja tu, Kiduchu, waliyemwita hivyo kwa ufupi wake. Mwaka jana, walipotoka kumzika mama yake, Kiduchu alimwambia mbele ya mashangazi, bila hata kupandisha sauti: "Sikulaumu, baba. Ila wewe kwetu ulikuwa mgeni."

 Jibu la mzee halikuwa la mdomo. Lilikuwa huku, limekwanguliwa kwenye chuma, na alitaka binti yake alione kwa macho yake mwenyewe kabla basi la jioni halijawarudisha nyumbani.

Sasa jibu halionekani. "Nguzo ya tano kutoka ghala la rangi," alijisemea. Ghala gani? Alipotupa macho aliona taa, maua ya kwenye makopo, na vijana wanaopigana picha. Kote palikuwa pageni.

"Si ulifanya kazi hapa miaka saba?" Kiduchu akamtania. "Unapoteaje?"

Mzee akajipiga paji la uso. "Loo! Mwanangu, mimi hili daraja sijawahi kulivuka."

"Acha utani, baba."

"Haki ya Mungu tena! Tulikuwa tunashinda chini kwenye nguzo za daraja, tunaning'inia kwenye mbao, tunakula na kulala kule kule ghalani. Huku juu nilikuwa nafuata nini?"

Kiduchu alicheka mpaka akashika ukingo. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu wafike, na mzee akajiona amepona nusu.

Wakashuka ngazi za mawe mpaka kando ya mto. Matope ya zamani yalikuwa yamegeuzwa njia ya kutembelea, na mabenchi juu. Lakini mzee alipoinua kichwa, daraja lilikuwa lile lile. Vile vyuma vinavyopishana, ile misumari yenye vichwa kama vikombe vya kahawa, ile kona ya njiwa waliokuwa wakiwachafulia kazi kila asubuhi. Akasikia kama harufu ya tapentaini, ile ya kuzimulia rangi. Akamkumbuka mwenzake waliyemwita Redio, aliyeimba ovyo toka mkono wa kwanza wa rangi mpaka wa mwisho, na hakuna aliyemzima. Jamani, aliwakumbuka wote, akatamani hata yale maharage yao ya kuungua.

"Buluu!" akafoka ghafla. "Wamepaka buluu! Sisi tulipaka kijani, mikono mitatu. Hawa wamepaka miwili, wavivu wakubwa."

"Baba, punguza sauti, watu wanatuangalia."

Akaifikia nguzo ya tano, akazunguka nyuma yake, akapapasa.  Kisha vidole vikagota kwenye mfereji mwembamba chini ya rangi mpya. Mwingine juu yake. Mwingine.

"Lete mkono," akasema.

Akaupitisha mkono wa Kiduchu juu ya mistari. "Unakumbuka nilikuwa nakupima mlangoni kwa uzi, kila nikitaka kusafiri? Na wewe unajinyanyua kwa vidole, mama yako anakugombeza ushushe visigino? Uzi ule nilikuwa nauzungushia mpini wa brashi, nakuja nao. Nikifika, kabla sijafungua kopo la kwanza, nakukwangua hapa. Huyu una miaka mitano. Sita. Saba. Mchana nilikuwa nakaa hapa nakula na wewe."

Kiduchu alihesabu kwa kidole, taratibu, mpaka wa sita. Wa saba ulikuwa mbali, juu kabisa. Akavua viatu, akasimama akiegemea nguzo. Mstari ulimpita kichwa vidole viwili, yeye mtu mzima wa miaka thelathini na mitatu.

"Huyu ni nani tena?"

Mzee alinywea. Angeweza kumdanganya, lakini hakuja hapa kudanganya. "Mwaka ule ulijifungia bafuni, ukakataa kupimwa. Nikaja bila uzi. Nikasimama hapa nikajiuliza, mtoto wangu yuko wapi sasa? Sikujua, mama. Sikujua urefu wako. Nikaona heri nikuzidishie kuliko kukupunja."

Machozi yalikuwa yakimtoka Kiduchu na huku anacheka. "Ulinizidishia mno, baba. Mpaka leo sijafika."

"Ulikuwa na haki ya kuniita mgeni."

"Mgeni habebi uzi wa mtu miaka yote hiyo," akasema, akajifuta uso kwa kiganja.

Mashua ya watalii ikapita mtoni, imejaa, watu wakipunga mikono. Kiduchu akaitazama, akaitazama simu yake, akaitumbukiza mkobani. Kisha akarudi kuegemea nguzo.

"Haya. Pima tena."

Mzee akatoa ufunguo wa nyumba mfukoni, akaweka kiganja bapa juu ya kichwa cha mwanawe.

"Simama wima," akasema. "Usijinyanyue."

Kiduchu akashusha visigino.