Saa Tisa ya Wachuka

Nderitu hakuwa na mke, alikuwa amemzika. Hakuwa na shamba, hakuwa na saa ya mkono, hakuwa na cheti chochote isipokuwa ile pasi ya mkoloni aliyomwonyesha askari kila alipokunja kona. Wala hakuwa na ulimi wa kuomba radhi, na hilo ndilo lililomponza.

Binti yake, Wachuka, alipopata nafasi ya kusomea uuguzi London, Nderitu alimwambia mbele ya wapangaji wote wa mtaa wao wa Bondeni, "Ukipanda hiyo ndege, usiniite baba." Msichana akahamia kwa shangazi yake Nairobi. Miezi mitatu, kimya. Kisha ikaja barua fupi: "Naondoka Jumanne, saa tisa, uwanja wa ndege wa Eastleigh. Ukitaka, njoo."

Alitaka. Katika shule ya jioni alikosoma, aliomba atlasi ya mwalimu, akapima kwa uzi: Nairobi hadi London, maili elfu nne na mia mbili na ushei. Kwa mwendo wa ndege, na kutua Entebbe, Khartoum, Benghazi na Roma, alipata saa ishirini na mbili.

Kosgei, mwenzake wa dawati, akacheka. "Mzee, huna hata baiskeli, unapima mbingu?"

"Anayekwenda ni wangu. Neno nililosema nitalirudisha kwa mdomo huu huu, kabla hajapaa."

Alipewa kibali cha kusafiri cha siku moja. Basi liliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Gilgil kizuizi, Naivasha kizuizi. Watu chini, pasi mkononi, vikapu vikamwagwa barabarani. Alifika uwanjani saa saba, kola imelowa jasho, lakini amejaa furaha: alikuwa na saa mbili nzima za kukaa naye.

"Mzee, unapokea ama unasindikiza?" aliuliza karani, kijana aitwaye Owino.

"Nasindikiza. Ndege ya London, saa tisa."

"Hiyo imeenda."

"Imeendaje, na sasa ni saa saba?"

Owino akamgeuzia karatasi. Iliandikwa 9.00. "Tisa ya Kizungu, mzee. Kwetu ni saa tatu asubuhi. Nani alikuambia?"

"Binti yangu."

"Basi saa yake ilifika Ulaya kabla ya ndege!" Owino alicheka, akaona uso wa mzee, akaacha. "Alikuwa na koti la buluu? Alikaa pale akitazama mlango. Aliitwa mara mbili ndipo akainuka."

Nderitu hakuhitaji kuuliza yuko wapi. Muda wa saa nne tangu apae: Entebbe ameiacha, sasa yuko karibu na Juba. Yeye, kwa muda wa saa saba barabarani, alikuwa amekwenda maili mia moja.

Jumatano asubuhi, hesabu ilipomwambia kwamba ametua, aliketi na kalamu. Aliandika, "Binti yangu, lile neno," mkono ukagoma. Akaichana karatasi, akachukua nyingine.

"Wachuka. Nilifika saa saba. Saa tisa ni alasiri. Asubuhi ni saa tatu. Kama hata saa zetu umezitupa, usinilaumu. Kosa ni lako."

Akaisoma tena. Haikuwa na kosa hata moja la herufi. Akalamba gundi, akafunga bahasha, akabandika stempu, akaenda posta na kuitumbukiza sandukuni.