Bata Mzinga Aliyesubiri Shikamoo

Revelian alijiteua mwenyewe kuwa kiongozi wa kikundi chao cha darasani, na filamu yao ya katuni ilikuwa dakika moja tu: mtoto anakimbizwa na bata mzinga kwenye vilima vya Madale. Mbio, vumbi, kilio, basi. Vikao hakuvitaka, maana maoni ya watu yalimpandisha presha. Editha akachore mtoto kwao, Jamali akachore bata kwao, yeye ataunganisha.

Siku ya kuunganisha nusura azimie. Mtoto wa Editha alisimama kila alipokutana na mtu mzima. "Shikamoo mama. Shikamoo babu."

"Anakimbizwa, Editha!"

"Ndiyo akose adabu?"

Kumbe Jamali alishashauriana naye kisirisiri. Bata mzinga wake alisimama nyuma ya mtoto, mabawa kifuani, akisubiri salamu ziishe ndipo aendelee kumkimbiza.

Muda wa kurekebisha haukuwepo, wakaionyesha hivyo hivyo. Darasa zima liligaragara kwa kicheko, na mwalimu akafuta machozi kwa tai yake.

Ukabaki ukurasa mmoja wa kukabidhi: kazi hii imewakuza vipi? Revelian aliushika yeye. Aliandika kwa uchungu, machozi yakimlengalenga, kwamba zamani alikuwa mjuaji asiyeambilika, lakini sasa amejifunza kuwasikiliza wenzake.

"Revelian," Editha akasema, "huo ukurasa si tunatakiwa tuandike wote?"

"Hebu nyamaza kwanza, Editha! Utanivurugia sentensi."